Kiingereza cha Kuning'inia

Mimi ni mtu wa boti, napeleka wageni kisiwa cha Changuu, hapa Unguja, kutazama makobe, na kazi yangu haihitaji Kiingereza cha mahakamani. Lakini hiki kitenzi "hang" kimenikaa kooni. Skuli tulifundishwa kwamba maana yake ni kutundika au kunyonga, tukanakili, mambo yakaishia hapo. Hatukuambiwa kwamba Mwingereza akikipachika kineno kidogo nyuma yake, hakitundiki tena chochote.

Jioni mgeni ananiuliza kama nitapata nafasi ya "hang out" naye Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe. Ukifuata neno kwa neno, ananialika tukaning'inie nje, na mgongo wangu huu hauliwezi hilo hata kwa malipo. Kumbe anataka kubarizi tu: kukaa barazani, kunywa kahawa chungu na kutazama wazee wakigombana juu ya dhumna, bila haraka wala ajenda. Shughuli hiyo tumeirithi kwa mababu, tena ina kitenzi chake kisichohitaji mkia. Na ukithubutu kutaja nguo mbichi baada ya "hang out", mazungumzo yamekwisha, umehamia uani kwa mama watoto kuanika.

Baharini ndiko balaa. Kijana wangu wa boti, ambaye Kiingereza amekiokota kwenye simu, wimbi likija ubavuni humpigia mgeni kelele: "Hang on!" Alichokusudia ni kwamba mgeni ashike ukingo kwa mikono miwili, lakini mgeni, mtu wa adabu, anaelewa kwamba anaombwa asubiri kidogo, basi anasubiri, na wimbi linamkuta anasubiri. Maana zote mbili ni sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Hang up", yaani kukata simu, angalau ina sababu, kwani simu za zamani ziliwekwa ukutani na ukimaliza kuzungumza ulitundika mkono wake kwenye ndoano. Yangu iko mfukoni; ndoano naitoa wapi?

Wakati uliopita nao una mtego wake: huwa "hung", isipokuwa kwa aliyenyongwa, ambaye huyo ni "hanged". Kijana wangu huwaandikia wageni kwamba jana yake "we hanged out", yaani kama walipelekwa wote kitanzini, halafu mwisho wa mwezi anakuja kunidai nyongeza kwa ajili ya utaalamu wa lugha.