Majaji wa Rufani: tuendelee kusubiri mkeka au tuwajue kabla hawajaapishwa?

Mkeka wa Ikulu, yaani orodha ya walioteuliwa na Rais, ukitoka usiku, watu wengi huku Tabora wanaangalia kama mkuu wa mkoa kabadilishwa au mkurugenzi wa manispaa kahamishwa, wakikuta ni majaji wanapita tu, wanaona hizo ni habari za Dar na Dodoma. Mimi naona hapo tunakosea sana. Mahakama ya Rufani ndo ya juu kuliko zote nchi hii na inakuja hapa hapa mjini kwa vikao, majaji watatu wanakaa wanasikiliza rufaa za watu wa Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua, Sikonge, na kuna ndugu zetu wanaisubiri wakiwa ndani gereza la Uyui. Mtu akitiwa hatiani kwa mauaji jaji wa Mahakama Kuu hana adhabu ya kuchagua, ni kunyongwa tu, na hata kama toka 1994 hajanyongwa mtu, huyo mfungwa analala na kuamka na hiyo hukumu, na baada ya wale watatu hana tena pa kukatia rufaa. Kwa hiyo nani anakaa kile kiti na kafikaje pale ni jambo letu kabisa.

Sasa wanafikaje? Kwa katiba yetu ya 1977, jaji wa Mahakama Kuu anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji wa Rufani anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, mtu mmoja. Jaji Mkuu mwenyewe, soma ibara ya 118, anateuliwa na Rais kutoka kwa watu wenye sifa za kuwa jaji wa Rufani, basi, hakuna mahali panapomlazimisha Rais kuuliza mtu yeyote. Umeona hapo? Kadiri kiti kinavyokuwa kikubwa ndivyo wanaoulizwa wanavyopungua. Hili ndo linanisumbua kuliko yote kwenye huu mjadala, manake tunabishana miaka yote kuhusu Rais kuteua, wakati nchi nyingi tu Rais ndo anayesaini, tofauti inakuja kwenye nani aliongea naye kabla hajasaini na sisi wananchi tulijua nini.

Ukikaa kijiwe chochote Isevya au Ng'ambo ukagusa hii mada utaambiwa refa hawezi kupangwa na timu moja. Naelewa wanachosema, serikali ndo inashitaki kwenye jinai na ndo inashitakiwa kwenye kesi za katiba, halafu mkuu wa serikali hiyo hiyo ndo anateua wa kuamua. Ila ule mfano unaishia njiani. Refa akiudhi watu anaweza asipangiwe mechi nyingine, jaji akishaapishwa hamna wa kumtoa kirahisi, mpaka iundwe tume maalum ya kumchunguza, na mwenyekiti wake pamoja na angalau nusu ya wajumbe wawe majaji wa nchi za Jumuiya ya Madola, ndo Rais afuate ushauri wao. Hiyo ni kinga kubwa na inafanya kazi. Francis Nyalali aliteuliwa na Mwalimu mwaka 1977 enzi za chama kimoja, akakaa Jaji Mkuu mpaka 2000, na ni huyo huyo aliyeongoza tume ya 1991 iliyopendekeza vyama vingi na kutaja sheria 40 kandamizi zirekebishwe au zifutwe. Aliteuliwa na Rais peke yake na hakuwa mtu wa kuitikia tu.

Angalia pia Oktoba 2019, mwezi mmoja mahakama moja. Serikali ilikata rufaa kwenye kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu ndoa za watoto, ikashindwa, Rufani ikasema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti wa miaka 15 au 14 kuolewa vinakiuka katiba (na sisi watu wa Tabora tunajua hiyo kesi inahusu mabinti gani). Mwezi huo huo ikaipa serikali ushindi kwenye kesi ya Bob Wangwe, Mahakama Kuu ilikuwa imesema wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi, Rufani ikatengua. Kwa hiyo anayesema wale ni watu wa Ikulu moja kwa moja hajasoma hukumu zao. Lakini na mimi nikiwa mkweli naona kitu: suala la haki ya binti walisimama imara, suala la kura na madaraka wakaenda upande wa serikali, na kesi ya mchungaji Mtikila mwaka 2010 kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, ilikuwa vile vile, wakasema hilo ni la Bunge. Matokeo ya urais ndo kabisa, katiba yenyewe inakataza mahakama yoyote kuyachunguza yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Sisemi hizo hukumu zilitoka kwa simu, zina hoja zake za kisheria na nimezisoma, nasema tu mwananchi aliyeshindwa anabaki na swali ambalo huu utaratibu wa kuteuana kimya kimya hauwezi kumjibu.

Majirani zetu Kenya walichukua njia nyingine na katiba yao ya 2010. Tume yao inatangaza nafasi, watu wanaomba, wanafanyiwa intavyuu laivu kwenye tivi, wanaulizwa hukumu zao za zamani na mali zao, halafu jina linapelekwa kwa Rais, na la Jaji Mkuu linapita Bungeni pia. Hivyo ndivyo Jaji Mkuu Maraga alivyoingia 2016, na Septemba 2017 mahakama yake ikafuta ushindi wa urais wa Uhuru Kenyatta kwa kura 4 dhidi ya 2, Rais yule yule aliyemwapisha. Watu wa katiba mpya huku kwetu wakifika hapo wanamaliza hotuba, ila stori inaendelea. Uhuru aliwaita wale majaji wakora, na mwaka 2019 tume ilipompelekea majina 41 ya majaji wa mahakama za chini ya ile ya juu akakaa nayo karibu miaka miwili, Juni 2021 akateua 34 akaacha sita (mmoja alikuwa ameshafariki), mpaka Rais Ruto alipoingia Septemba 2022 ndo wakaapishwa. Huo muda wote kesi za watu zinalala. Kwa hiyo sistimu ya wazi nayo ina bei yake na anayelipa ni mwenye kesi, sio Rais, hapo wanaotetea utaratibu wetu wana pointi ya kweli, kwetu majaji wakihitajika wanaapishwa fasta na kazi inaendelea.

Marekani ndo sipendi tufike. Rais anapendekeza, Seneti inathibitisha, jaji wa Mahakama ya Juu anakaa maisha yake yote kama akitaka. Mwaka 1993 Ruth Bader Ginsburg alipita kwa kura 96 kwa 3, alipofariki Septemba 2020 mrithi wake Amy Coney Barrett akapitishwa 52 kwa 48, siku nane kabla ya uchaguzi, na mwaka 2016 jina la Merrick Garland, aliyependekezwa na Rais Obama, Seneti hata kulisikiliza haikulisikiliza. Watu wakianza kuhesabu majaji kwa chama ujue imani imeshaondoka. Ndo maana wanaosema dawa ni majaji wetu wathibitishwe na Bunge mi siwaelewi, Bunge letu chama kimoja kina karibu viti vyote, watamuuliza nini huyo jaji zaidi ya kumpongeza na kumshukuru aliyemteua?

Kinachonitia hofu zaidi hata kuliko uteuzi ni muda wa nyongeza. Jaji wa Rufani anastaafu na miaka 65, lakini ibara ya 120 inampa Rais nafasi ya kumwambia aendelee kwa manufaa ya umma, kwa muda atakaoutaja Rais mwenyewe, jaji akikubali kwa maandishi. Profesa Ibrahim Juma alifika umri huo 2023 akaendelea kuwa Jaji Mkuu mpaka 2025 alipoteuliwa George Masaju, na wapo wanasheria waliohoji wazi kama hiyo ibara inamhusu Jaji Mkuu. Kabla ya hapo huyo huyo Profesa alikaimu toka Januari 2017 mpaka Septemba ndo akathibitishwa. Mimi sina neno baya juu ya kazi yake, mtu kasimamia majengo ya mahakama na kesi kuingia kwenye mtandao, hilo lazima tumpe. Tatizo ni kiti. Jaji anayekaimu, au anayekaribia 65 na anajua barua ya kuongezewa inatoka sehemu moja, ile kinga niliyoisifia juu pale inakuwa imepungua, hata kama mwenyewe moyo wake msafi kabisa. Wanaotetea wanasema uzoefu ni mali na nchi haina majaji wa kutosha. Sawa, basi umri upandishwe kwa wote, Kenya ni miaka 70, kila mtu ajue tarehe yake na asimtegemee mtu.

Mtu ataniuliza kwani ile Tume ya Utumishi wa Mahakama ikipewa kazi ya kuchuja majina ya Rufani haitoshi? Kwa sura iliyonayo sasa hapana. Wajumbe sita: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi (mkuu wa Mahakama Kuu) na wengine wawili, na ukiwafuatilia wote sita uteuzi wao unarudi kwa Rais. Kenya tume ina watu 11, mawakili wanachagua wawili wao, majaji na mahakimu nao wanachagua wao. Hapa kwetu wakili anayezunguka na mafaili mahakama za Tabora, au hakimu wa mahakama ya mwanzo anayemaliza kesi nyingi kuliko jaji yeyote, hana hata kura moja ya kusema huyu anafaa. Kubadilisha hiyo kunahitaji kugusa ibara ya 112, na katiba hii imeshafanyiwa mabadiliko mara 14, sio msahafu, wabunge wetu wakitaka wanaweza hata kabla ya katiba mpya kuja. Ila kutangaza majina wiki nne kabla ya kuapishwa, ili mwenye neno alipeleke kwa maandishi, hakuna ibara inayokataza. Rais anaweza kuanza na mkeka unaofuata.