Anayekaa Mbali Ndiye wa Kuangaliwa Kwanza

Jambo linaloniuma katika kazi yangu hapa Leeds ni hili: wagonjwa wa figo ninaowahudumia wanakaa dakika chache kutoka hospitali, na bado kila asubuhi kuna nesi anayefungua kompyuta kuona wamelalaje. Kwetu Kigoma, mgonjwa wa Kalya au Buhingu, ambaye kufika hospitali ya mkoa kwake ni safari ya boti, akishapewa dawa zake hakuna anayejua habari zake mpaka arudi amevimba uso. Mambo yamekaa kichwa chini, miguu juu.

Ninakwenda majumbani kwa wazee wanaosafisha damu kwa njia ya tumbo. Hii si ile mashine kubwa ya hospitali, ambayo mgonjwa huwa nayo saa nne, mara tatu kwa wiki. Hapa mgonjwa anawekewa mpira mwembamba wa kudumu karibu na kitovu. Maji maalumu yenye sukari yanaingizwa tumboni, yanakaa, yanavuta uchafu na maji ya ziada kupitia utando wa tumbo, kisha yanatolewa. Usiku mashine ndogo kando ya kitanda inaingiza na kutoa yenyewe. Mimi nanawa mikono sawasawa, nafunga mifuko, napima presha na uzito, naondoka.

Alfajiri mashine ile inatuma kliniki habari za usiku mzima kwa modemu: maji yaliyoingia, yaliyotoka, kengele imelia mara ngapi, mgonjwa amekatisha kabla ya muda au la. Mwenye shida jina lake linatokea na alama ya rangi, na nesi anampigia. Daktari anaweza hata kubadilisha mpango wa usiku unaofuata akiwa ofisini kwake. Nilikuwa na mzee mmoja ambaye kila siku aliniambia hajambo kabisa, kumbe maji yalikuwa hayatoki yote. Kliniki ndiyo iliyoona, ikamuuliza habari za choo. Utumbo ulikuwa umejaa, unaubana mpira. Akapewa dawa ya kulainisha choo, maji yakaanza kutoka vizuri. Angengoja siku ya kliniki, angefika amejaa maji mpaka kifuani.

Mama yangu mdogo alipougua, Kigoma hatukuwa na mashine ya kusafisha damu. Akahamia Mwanza, akapangishiwa chumba karibu na hospitali, na kiwanja cha Gungu kikauzwa. Watu wengi kwetu wanaijua habari ya namna hiyo, siirefushi. Ninachotaka kusema ni kwamba chumba kile hakikukosa watu hata siku moja. Dada zake walipokezana, majirani wakaleta uji. Kati ya siku moja ya mashine na nyingine alikuwa anaongezeka uzito, na ndugu wakafurahi kwamba mgonjwa ananenepa. Yalikuwa maji. Hapakuwa na mizani chumbani, wala namba ya mtu wa kumwambia, "Leo miguu imevimba, anahema akilala chali." Walimpenda sana, na hakuna aliyewafundisha watazame nini.

Wazee wangu wa huku wengi wanaishi peke yao. Ndiyo maana Waingereza wamelazimika kuipa mashine kazi ya kutazama. Sisi watu wa kutazama tunao. Hapo tumewazidi, na nguvu hiyo hatujaitumia.

Najua nitakachoambiwa: Kigoma imeishi kwa jenereta miaka mingi, umeme wa kuendesha mashine usiku kucha utatoka wapi? Kuna njia ya mkono isiyohitaji umeme. Mfuko wa lita mbili unaning'inizwa juu, maji yanashuka yenyewe, mara nne kwa siku. Ufuatiliaji wake unataka mizani, kipimo cha presha, daftari na simu. Uzito, presha na kiasi cha maji yaliyotoka ni namba zinazotumwa kwa meseji, hata kwa kitochi. Rangi ya maji ni ya kutazama kwa macho: yakitoka na ukungu kiasi kwamba huwezi kusoma maandishi ukiyaweka nyuma ya mfuko, hayo ni maambukizi mpaka hospitali iseme vinginevyo, na simu inapigwa siku hiyohiyo.

Ugumu wa kweli uko kwenye mifuko yenyewe. Lita nane kwa siku ni lita 240 kwa mwezi, kwa mgonjwa mmoja. Thailand waliamua mwaka 2008 kwamba bima yao ya umma ianze na njia ya tumbo, na shirika la posta likawa linapeleka maboksi mpaka vijijini. Sera hiyo ilidumu hadi 2022, walipomwachia mgonjwa achague. Sisi Bohari ya Dawa ina kanda yake Tabora, reli inafika mpaka kwetu, na boti za Kibirizi zinabeba saruji na kreti za soda kila wiki. Pia kuna suala la maji safi na sabuni. Nyumba isiyo na hivyo isipewe matibabu haya kwa kubahatisha, kwa sababu maambukizi ya tumbo yanaua.

Ila ufuatiliaji hauna sababu ya kungoja mifuko. Anayetumia mashine ya hospitali naye anahitaji kuulizwa uzito wake katikati ya wiki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023. Mizani na kipimo cha presha vya mgonjwa wa figo vihesabiwe kama sehemu ya matibabu yake.

Maweni, hospitali yetu ya mkoa, ianze na nesi mmoja na simu ya hospitali. Mizani na vipimo vya kwanza sisi tulio nje tunaweza kuvichangia, na mimi niko tayari kufundisha jinsi ya kujaza daftari, kwa video, siku yoyote nisiyo na zamu. Mshahara wa nesi huyo ni wa Serikali. Kupokea namba hizo kila asubuhi kuandikwe kwenye ratiba yake ya kazi, asiachiwe kuzisoma usiku nyumbani kwake kwa bando lake mwenyewe.