Mawe Hayapitishi Hata Mvua

Tope la Ziwa Victoria tunalipima tukisaka kile wanachokisaka wenzetu kwenye theluji ya Antaktika: seziamu-137, vumbi la majaribio ya mabomu ya nyuklia lililofikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wao huyeyusha kilo kadhaa za theluji na kutia asidi kidogo, seziamu isije ikang'ang'ania ukuta wa ndoo. Sisi tope tunalikata sentimita moja moja, tunalikausha, tunalisaga, kisha kopo linakaa juu ya kigunduzi cha jerimaniamu, chombo cha kupimia mionzi ya gama, siku nzima au zaidi. Na ikweta hapa seziamu iliyodondoka ni chache, kwa hiyo kigunduzi tunakizungushia tofali za risasi, ile metali nzito, zizuie mionzi ya nje, unene sentimita 10.

Jumatatu nikafungua kompyuta kuona grafu ya nishati za mionzi, kwa kipimo cha keV. Loo! Kwenye 1461 potasiamu-40 imesimama kama mnara wa simu, kwenye 2615 wamejaa watoto wa thoriamu (elementi zinazotokana nayo), na kwenye 662, nyumbani kwa seziamu, ni vurugu tupu. Hata kakilima ka bismathi ka 665 kamejitokeza kuikaba shingo.

Nikazunguka nyuma ya kigunduzi. Tofali nane hazipo. Badala yake granaiti, imepangwa na kupigwa sementi safi kabisa. Nikamfuata mzee aliyeipanga.

"Shikamoo mzee. Risasi ziko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Si zilikuwa zimekaa tu? Mjomba wako wa mwaloni ana nyavu, nikamwazima. Nimekuwekea mawe, haya hayapitishi hata mvua."

Hakika hayapitishi mvua. Ila granaiti ya Mwanza ina potasiamu, urani na thoriamu yake. Kujengea nyumba haina neno. Kuzungushia kigunduzi ndiyo balaa lenyewe.

Mbio hadi mwaloni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linatosha, na kilo 90 zimeshakuwa chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu. Sufuria iliyotumika, shangazi alikuwa anaisugua apikie ugali! Hiyo tuliinyang'anya kwa nguvu, maana risasi ni sumu.

Chubwi tulizinunua kwa bei ya kuumiza. Hazipangiki bila mianya, na mionzi hupenya kwenye mianya, kwa hiyo tukazimimina kwenye sanduku la mbao, upande ule ukanenepa hadi sentimita 17. Potasiamu ikashuka. Maabara ikanuka sangara.

Jioni mjomba akabisha hodi. "Wajomba, yale mawe mliyoyang'oa mnayatumia? Nyavu zangu zinaelea."