Mazoezi ya kumbukumbu yananoa kidole, au yananoa jibu?

Chukua vipande viwili vya msasa, namba 120 na namba 150. Chembe za kile cha kwanza zina upana wa mikroni 125 hivi, za kile cha pili 100. Funga macho, pitisha kidole cha shahada juu ya kimoja, ngoja sekunde 10, pitisha juu ya cha pili, kisha sema kipi kinakwaruza zaidi. Ukikosea, kosa limetokea wapi? Pengine kidole hakikuipata tofauti. Pengine kiliipata vizuri tu, ila kile cha kwanza kilikuwa kimeshafutika kichwani. Ubishi kuhusu kama kufunza kumbukumbu kunaboresha hisi ya mguso umejificha ndani ya sekunde hizo 10.

Wanaosema kunaboresha wana hoja nzito. Mwaka 1999, Ranulfo Romo na wenzake nchini Mexico walionyesha kwamba kima anapolinganisha mitetemo miwili kwenye ncha ya kidole, seli za sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kutoa ishara hata baada ya mtetemo wa kwanza kuisha, na kasi ya ishara hizo hufuata kasi ya mtetemo wenyewe. Mwaka 2002 utafiti mwingine, safari hii kwa binadamu, ulivuruga kwa sumaku eneo la ubongo linalopokea mguso, mapema katika kile kipindi kifupi cha kungoja mtetemo wa pili. Majibu yakaharibika. Kwa hiyo eneo lilelile linalopokea linashiriki pia kuhifadhi, angalau kwa muda mfupi, na mtu hawezi kuchora mstari safi kati ya kugusa na kukumbuka ulichogusa.

Ushahidi ninaouona kuwa wa wazi zaidi ni wa maandishi ya nukta nundu. Nukta za herufi moja zimeachana kwa milimita 2.5 hivi. Ncha ya kidole cha mtu mzima mwenye afya huweza kutambua mwelekeo wa mifereji yenye upana wa milimita 1 au zaidi kidogo. Maana yake kidole cha mwanafunzi wa siku ya kwanza kina uwezo wa kutosha, na bado hasomi kitu. Anachokosa ni maumbo 26 yaliyokaa kichwani, na uwezo wa kushikilia herufi tatu zilizopita wakati kidole kiko juu ya ya nne.

Upande wa pili unaanzia kwenye ngozi. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa vidole vidogo hubainisha mifereji myembamba kuliko vidole vikubwa, yaelekea kwa sababu vipokezi vyake vya mguso vimebanana zaidi. Hakuna zoezi la kumbukumbu litakaloongeza kipokezi kimoja. Tena ukali wa mguso unaweza kupanda bila kumbukumbu kuhusika: ncha ya kidole ikichochewa na kifaa kwa saa 3 mfululizo, huku mwenye kidole akiendelea na shughuli nyingine, uwezo wake wa kutenganisha ncha mbili zinazomgusa kwa pamoja huongezeka, kisha hurudi ulipokuwa baada ya siku moja hivi.

Na kuna tatizo la kipimo. Ernst Weber, mwanasayansi wa Ujerumani, alieleza mwaka 1834 jinsi ya kupima mguso kwa ncha mbili za bikari: unazisogeza karibu hadi mtu aseme anahisi moja. Mwaka 1858 Mjerumani mwenzake, Volkmann, akaona kwamba mazoezi hupunguza haraka umbali huo kati ya ncha, hata kwenye sehemu hiyohiyo ya mkono wa pili ambao haukufunzwa. Ngozi ya mkono usioguswa haiwezi kuwa imebadilika. Isitoshe, ncha mbili zilizokaribiana huacha hisia butu kidogo kuliko ncha moja, na aliyezoea hujifunza kuita ubutu huo “mbili”. Alama zimepanda, mguso uko palepale.

Kwa maoni yangu, faida ipo, lakini sehemu kubwa yake iko kwenye kulinganisha na kuamua. Ndiyo maana sioni sababu ya kuwauzia watu michezo ya kukariri tarakimu kwa ahadi ya vidole vikali. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kuwa mafunzo ya kumbukumbu ya kazi (ile ya kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi huku ukiyatumia) huongeza alama katika kazi zinazofanana nayo, bila kuvuka hadi kusoma au hesabu. Kutarajia yavuke hadi kwenye ngozi ni kujipa moyo tu. Anayetaka mguso afunze kumbukumbu ya mguso.

Turudi kwenye msasa. Gundisha kila kipande juu ya kibao cha ukubwa uleule, maana unene wa karatasi hukupa jibu bure. Ziba masikio, kwa kuwa mkwaruzo una sauti na wengi hujibu kwa sauti bila kujua. Kidole lazima kisogee: chembe ndogo kuliko milimita 0.2 hivi hutambulika kwa mtetemo, kukandamiza hakusaidii. Kasi iwe moja, mpito mmoja kila kipande, mikono iwe na joto na mikavu. Anza na 80 dhidi ya 150, kisha sogeza. Badilisha msasa ukianza kung'aa, la sivyo utakariri vipande badala ya kuvihisi. Kuna pia wanaokipa kipande jina, “cha kati”, wakabaki wanakumbuka neno. Kuhesabu kinyumenyume kutoka 100 kwa tatu-tatu wakati wa kungoja huzuia hilo, mradi ufanye hivyo katika kila jaribio, kabla na baada ya mafunzo.

Fanya majaribio 20 kwa pengo la sekunde 2 na mengine 20 kwa sekunde 10. Kwa kubahatisha utapata 10 hivi. Kufikisha 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 2 katika 100. Baada ya wiki za mazoezi, pima tena mapengo yote mawili. Yakipanda majibu sahihi ya sekunde 10 peke yake, kilichokua ni kumbukumbu. Yakipanda yote, pima kidole kilekile cha mkono wa pili: nacho kikiwa kimepanda vilevile, usikimbilie kuipa ngozi sifa hiyo.