Loki ya kisu cha kukunja mbele ya sheria ya Uingereza

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, katika kifungu chake cha 139, inakataza mtu kutembea hadharani na kitu chenye makali bila sababu halali, lakini inakiachia kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwenye kisu hicho, maadamu hakukibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, hadaiwi sababu. Utata umo kwenye loki, yaani kifaa kinachoyazuia makali yasikunjike. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shauri la Harris, mahakama iliamua kwamba kisu kinachojifunga kikishafunguliwa, kiasi cha kutokunjika mpaka kwanza ubonyeze kitufe, hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hata kiwe kifupi vipi. Na mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ikashikilia hapohapo katika shauri la Deegan.

Majaji hawakuamua ovyo. Kisu kilichofungwa kwa loki hufanya kazi ya kisu kisichokunjika, na anayetaka kumchoma mtu hana hofu ya kujikata. Askari naye hupata kipimo chepesi: anakifungua, anakisukuma kirudi, kikigoma jibu limepatikana. Katika nchi ambako watu 244 waliuawa kwa vitu vyenye makali katika mwaka ulioishia Machi 2023, tukihesabu England na Wales peke yake, hakuna wa kuwalaumu wanaotaka kanuni isiyo na mjadala.

Hata hivyo, tazama kanuni hiyo inamgusa nani. Opinel namba 6, kisu cha kukunja cha Ufaransa, ina makali ya sentimita 7, yaliyo ndani ya kipimo. Kuifungua kunahitaji mikono miwili: ukucha unaingizwa kwenye mfuo wa bapa, bapa linavutwa, kisha pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini inazungushwa kwa kidole gumba. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955 ili bapa lisirudi juu ya vidole vya anayekata kamba au kuchonga ubao. Ukiitoa, kisu kinaruhusiwa. Ukiiacha, kinatakiwa kutolewa sababu. Kwa maneno mengine, hatari ya kujikata, ambayo kila fundi anaikimbia, ndiyo sheria inayoitegemea kama kinga ya umma. Na muuaji haitafuti pete: katika takwimu hizohizo, kisu kinachoongoza ni cha jikoni.

Watetezi watajibu kuwa fundi halali anayo sababu, kwa kuwa kazi inatambuliwa. Ni kweli, saa za kazi. Lakini mzigo wa kuthibitisha sababu uko juu yake, si juu ya mwendesha mashtaka, na mahakama zimekwisha kusema kuwa kusahau peke yake hakutoshi. Mchukulie fundi umeme aliyemaliza kazi Ijumaa, akakisahau kisu ndani ya koti, akapekuliwa Jumapili akienda sokoni: kisu ni kilekile, nia ni ileile, ila sababu imekwisha muda wake. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 4, na tangu 2015 mtu mzima anayetiwa hatiani mara ya pili hukabiliwa na kifungo kisichopungua miezi 6, isipokuwa hakimu aone kuna hali ya kipekee inayohalalisha kutompa. Mwenzake mwenye kisu kisicho na loki, chenye makali yaleyale, angeendelea na safari yake.

Ujerumani ilichagua kipimo kingine. Tangu 2008 imezuia kubeba hadharani visu vya kukunja vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja na papo hapo kujifunga, kwa hiyo Opinel ya mikono miwili haimo katika katazo hilo. Gharama ipo, kwa sababu bawaba iliyolegea inaweza kugeuza kisu cha mikono miwili kuwa cha mkono mmoja, na askari atalazimika kukijaribu zaidi ya mara moja. Nadhani Uingereza ingeweza kuimudu gharama hiyo bila kugusa kikomo cha inchi 3.