Imebaki Vifungo Tu

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yetu haijawahi kulala chumba kimoja na ukweli. Ukiniletea kitambaa leo nitakwambia njoo Ijumaa. Ukija Ijumaa nitakwambia imebaki vifungo tu. Kitambaa chenyewe wakati huo bado hakijaonana na mkasi, wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua. Ndiyo maana nguo ya Idi unaileta mapema kama vile Idi ni kesho, mimi naiweka kama vile Idi ni mwakani, tunakuja kukutana usiku wa kuamkia sikukuu, wote macho mekundu. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Ni utaratibu.

Aliyekuja kuuvuruga ni mpwa wangu, anasoma falsafa chuo kikuu. Nilipomuuliza akimaliza ataajiriwa wapi, akasema, “Mjomba, falsafa haitafuti ajira, inatafuta maisha mema.” Nikamwambia sawa, lakini ada yako inamtafuta baba yako.

Basi siku moja alikaa kwenye benchi la kibanda changu, akanisikia nikiwaambia wateja watatu “imebaki vifungo tu.” Wa tatu alikuwa kaleta sketi ya lastiki. Dogo akacheka mpaka akashika cherehani, halafu akanipa habari za Mjerumani mmoja aitwaye Immanuel Kant. Huyu bwana kazaliwa 1724 mji wa Königsberg, ambao siku hizi uko Urusi na unaitwa Kaliningrad, akafa 1804 palepale. Hakuoa. Inasemekana majirani walikuwa wakimwona katoka kutembea jioni, wanarekebisha saa zao. Mwaka 1797 akaandika kwamba uongo ni marufuku, tena hata kama muuaji amekuja mlangoni kwako anauliza rafiki yako kajificha wapi.

“Hata muuaji?” nikauliza.

“Hata muuaji, Mjomba.”

Mtu hana mke, hana mkwe, hana mteja wa kitenge. Ningekuwa yeye, na mimi ningesema kweli.

Lakini lilinichoma. Nimezaliwa 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, na utotoni tulikaririshwa ahadi za TANU mpaka zikatoka usingizini. “Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa.” Hiyo haikunisumbua, nani angemhonga mtoto wa darasa la tatu? Niliyoipigia kelele ni ile ya “Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko.” TANU ikaja kuungana na Afro-Shirazi 1977 ikazaliwa CCM, ila mimi hakuna aliyekuja kuniambia nimefunguliwa na kiapo changu. Nikajiona mdaiwa wa zamani. Nikasema, wiki hii, Jumatatu hadi Jumapili, nasema kweli.

Kwa sharti moja: nasema nikiulizwa. Nisiyoulizwa, nanyamaza. Mpwa wangu akathibitisha kwamba kunyamaza si uongo, nikashusha pumzi. Sharti lenyewe niliweka kwa sababu ya pasi.

Hii pasi naomba mnisikilize vizuri. Tunapanga nyumba ya vyumba sita huku Mbagala, mita ya umeme, LUKU, ni moja, tunachanga sawa kwa sawa, na kikao kilipitisha kwamba pasi ya biashara hairuhusiwi. Kibandani nina ya mkaa. Lakini pasi ya mkaa ikitema cheche kwenye shifoni ya watu, utalipa wewe? Kwa hiyo nguo za wateja nazibeba jioni kwenye mfuko, saa nane usiku nazinyoosha chumbani, taulo nimeziba chini ya mlango mwanga usitoke. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumatatu asubuhi, mteja wa kwanza. “Fundi, gauni langu vipi?”

“Sijaligusa, mama. Kitambaa kipo pale, paka kakilalia.”

Akanitazama. Akamtazama paka. Miaka sita ananidanganyikia bila tatizo, siku niliyomheshimu akachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Nilimsikia yule akimwambia njoo Ijumaa. Akaondoka ameridhika kabisa!

Jumanne kondakta wa daladala, alfajiri bado giza, nikampa elfu mbili akadhani elfu tano, akanirudishia 4,400. Nikamrudishia elfu tatu yake. Badala ya asante akaziinua kwenye taa moja moja, anakagua kama ni bandia. Abiria wa jirani akasogeza mkoba wake mbali na mimi. Jumatano mke wangu aliniuliza kama lile gauni la kitchen party linambana. Tuvuke hapo.

Alhamisi ndiyo kesi yenyewe.

Jirani yetu wa chumba cha tatu, mama muuza vitumbua, alikopa ile mikopo ya kausha damu. Rejesho ni kila Alhamisi. Anayeijua anaijua: ukikosa, wanakuja kikundi kizima, maana wenzako wamekudhamini na usipolipa wanalipa wao, kwa hiyo wanakaa barazani kwako kama matanga na wanahesabu vyombo kwa macho. Siku hiyo niko nyumbani, kibanda hakina wateja kwa sababu ya maadili. Nimemwona jirani kwa macho yangu anaingia chumbani na kufunga komeo. Dakika haikupita, hao, wanawake wanane na kijana mmoja mwenye faili.

“Shikamoo fundi. Jirani yako yupo?”

Nikamkumbuka Mjerumani. Nikaikumbuka ahadi. Nikamkumbuka pia yule mama, alivyonipelekea uji siku kumi nilipoumwa, na kwamba ndani ana jiko la gesi moja tu, na jiko hilo ndilo linalokaanga ada za watoto wawili. Ulimi wangu wa miaka thelathini ya ufundi haukusubiri kikao.

“Marahaba. Katoka,” nikasema. “Kaenda Rangi Tatu, sokoni.”

Wakaondoka. Nikakaa pale nimejaa furaha ambayo ukweli wa siku tatu haukunipa. Nikanong'ona mlangoni kwake, “Jirani, wameshaenda.” Kimya. Nikasukuma dirisha kidogo. Hakuna mtu. Kumbe aliposikia sauti zao alitokea mlango wa uani, akapita kwenye banda la kuku la watu, akapanda bodaboda. Kwenda wapi? Rangi Tatu, sokoni, kumwomba shoga yake amkopeshe hela ya rejesho.

Walimkutia kwenye samaki wa kukaanga. Alirudi jioni bila simu.

“Fundi, umenichoma,” akasema.

“Jirani, wallahi nilikudanganyia! Nilijua uko ndani!”

“Uongo gani huo unaotaja na soko nililopo?”

Nikampigia mpwa wangu. Nilitegemea anipe pole, yeye akapiga makofi kwenye simu. “Mjomba! Ndivyo alivyoandika! Kant kasema hivyohivyo, ukimdanganya muuaji kwamba rafiki hayupo, na rafiki kumbe katoka kimyakimya bila wewe kujua, wakakutana njiani, lawama ni yako!”

Sasa mimi nauliza, mzee wa Königsberg, hajatoka mkoani kwao maisha yake yote, habari za Rangi Tatu alizipataje?

Ijumaa na Jumamosi nilishona kimya. Nilimpelekea jirani simu yangu ya kitochi aitumie, akaipokea bila neno, hilo lilinitisha kuliko matusi.

Jumapili jioni mama mwenye nyumba akaitisha kikao cha LUKU. Uniti zinakwisha kama zinanywewa, akasema, na leo lazima ajulikane. Wa chumba cha kwanza akaapa. Wa pili akaleta Biblia. Zamu ikafika kwa mama wa vitumbua, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, na ambaye saa nane ya usiku huwa macho anaumua unga. Akanitazama taratibu, kuanzia kandambili mpaka kofia.

“Mimi sijui kitu, mama,” akasema. “Ila muulizeni fundi. Nasikia wiki hii anasema kweli.”

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na nusu. Wiki yangu ilikuwa inakwisha saa sita usiku.