Begi la maji ni la kunywea, akiba iache kwenye fremu

Mtu akiniuliza anunue begi gani la maji, lile la mgongoni lenye mfuko wa maji ndani na mpira wa kunyonyea, kwa safari ndefu za baiskeli kwenye vumbi, swali lake la kwanza huwa ni lilelile: la lita ngapi? Na akishasikia kuna la lita 3, haangalii lingine tena. Nami nilianza hivyohivyo. Leo nasema lita 2 mgongoni zinatosha, na maji mengine yakae kwenye baiskeli. Nimelijua hilo kwa kiu.

Tulikuwa wanne, tunaelekea Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Baiskeli tulizipakia kwenye pikapu kutoka Mto wa Mbu, tukashushwa mbele kidogo ya Engaruka, maduka yote tumeshayaacha nyuma. Gari likageuka, likaondoka. Nanyanyua begi langu, la lita 3, jipya, nimelijaza pomoni usiku uliopita: jepesi kama shati. Njia nzima pedali ya baiskeli ya mwenzangu ilikuwa imekandamiza mdomo wa kunywea, na mdomo ule haukuwa na kifungio chochote. Maji yote yaliishia kwenye bodi ya pikapu. Kwenye fremu sikuwa na hata chupa moja, maana niliamini ukishakuwa na begi chupa za nini.

Mbele yetu kulikuwa na kilomita zaidi ya 40 za changarawe na vumbi la majivu, volkano ya Ol Doinyo Lengai imesimama pale asubuhi nzima kana kwamba haisogei, na kivuli ni cha kuhesabu. Ziwa unaloliendea nalo ni la magadi, halinyweki. Wenzangu walinigawia maji, kila mmoja akapunguza yake. Kwenye boma moja mama wa Kimaasai alitutolea dumu la njano, akatumiminia, wala hakutuuliza tunatoka wapi. Namshukuru mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimelitazama begi kwa jicho jingine. Tukumbuke lilikotoka. Mwaka 1988, huko Wichita Falls, Texas, mhudumu wa gari la wagonjwa aitwaye Michael Eidson aliingia kwenye Hotter'N Hell 100, safari ya baiskeli ya maili 100 katika joto la Agosti. Alijaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautumbukiza ndani ya soksi ndefu, akausokomeza mgongoni mwa fulana, akapitisha mpira begani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Hapo ndipo ilipozaliwa CamelBak, kampuni ya mabegi haya ya maji. Alichokitaka Eidson ni kunywa bila kuhangaika na chupa. Hakuwa anatafuta ghala la kubeba mgongoni.

Na faida hiyo ni kubwa kwenye barabara zetu. Pale njia ilipochimbika mawimbi mawimbi, ukiachia usukani kufuata chupa umeanguka. Tena chupa yenyewe, ukishapita mapito ya ng'ombe, mdomo wake umepakwa vumbi na samadi. Mpira uko karibu na midomo yako, unanyonya funda dogo kila baada ya dakika chache, safari inaendelea. Kwa hiyo sisemi begi halifai. Nasema lina kazi yake.

Lita moja ni kilo moja. Beba lita 3, ongeza pampu, tyubu, spana na karanga, umeshafika karibu kilo 5 juu ya mabega. Baada ya saa tatu uzito huo unashukia makalioni na kiunoni, shingo inakaza, mgongo unaloa jasho ambalo nalo ni maji unayopoteza. Vifaa nenda navyo kwenye kibegi cha fremu.

Ukienda kununua, lijaribu likiwa na maji ndani. Livae, funga mkanda wa kifuani na wa kiunoni, kaa juu ya baiskeli, inama, kisha inua uso kama unateremka mlima. Helmeti ikigonga begi, liache. Likicheza kushoto kulia, liache pia, hata kama bei ni nzuri.

Mitumbani utayakuta mabegi mazuri sana, mengi hayana mfuko wa ndani. Chukua. Lakini mfuko wa maji na mpira nunua vipya, usinyonye mpira usiojua ulinyonywa na nani. Chagua mfuko wenye mdomo mpana, ngumi yako ipite, la sivyo hutausafisha kamwe. Mimi siweki humo juisi wala maji ya ORS. Hivyo huenda kwenye chupa, kwa sababu sukari huleta ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye mpira unaona vidoa vyeusi ambavyo havitoki. Nikirudi naosha kwa maji ya moto na magadi ya kupikia, naufungua mfuko ukauke kabisa, au nautupa kwenye friza ukalale huko hadi safari nyingine.

Jambo dogo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia: maji yaliyobaki kwenye mpira huchemka juani, funda la kwanza linakuwa kama chai. Ukimaliza kunywa, puliza, yarudi mgongoni.

Kwenye joto la bondeni mimi hutumia karibu lita moja kwa saa, na kipande kile hunichukua saa nne. Hivyo sasa natoka na lita 2 mgongoni, chupa mbili za lita moja moja kwenye fremu, na ya tatu chini ya bomba la fremu, imefunikwa, ambayo siigusi mpaka nione mabati ya kijiji. Na kwenye pikapu begi nalipakata mwenyewe, mdomo wa mpira umefungwa.